Kivukoni Mbili, Hatima Mbili: Namna ya Kupanga Safari ya Majina

Wengi wanaopanga safari ya pikipiki ya kutembelea sehemu zenye jina moja hufungua ramani, hulitafuta jina, kisha huunganisha alama. Mpango huo una kasoro kubwa: unahesabu herufi, haupimi maana. Chukua jina Kilombero. Ni jina la mto na bonde mkoani Morogoro, ni jina la soko jijini Arusha, na ni jina la shehia katika Wilaya ya Kaskazini B, Unguja. Mwendesha pikipiki akizifikia zote tatu atakuwa amekwenda mbali, lakini hana swali moja la kuuliza kote alikopita. Hata bondeni kwenyewe jina halijatulia, kwani mto huohuo uliitwa pia Ulanga, na leo Ulanga ni wilaya iliyo ng'ambo yake. Hoja yangu ni kwamba safari ya majina ifuate jina linalotaja kazi ya mahali, ili msafiri aweze kupima kama kazi hiyo bado ipo. Kwa anayeanzia Ifakara, mji wa bonde hilo la Morogoro, jina hilo ni Kivukoni.

Kuvuka kumezaa kivuko, na kivuko kikazaa Kivukoni. Kijiji cha Kivukoni kipo upande wa Ulanga, hatua chache kutoka Mto Kilombero, mahali ambapo kwa miaka mingi watu, mpunga na magari vilivushwa kwa pantoni. Januari 2016 kivuko kilizama hapo. Mei 2018 likazinduliwa daraja la mita 384, linaloitwa Daraja la Magufuli, na pantoni ikakosa kazi. Kivukoni ya pili ni kata ya Dar es Salaam, kwenye mlango wa bandari, ambako pantoni huvusha watu kwenda Kigamboni. Huko nako daraja lipo: Daraja la Nyerere, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Hata hivyo pantoni hazijaondoka. Sababu iko kwenye mahali daraja lilipowekwa. La Kilombero limefuata njia ileile ya pantoni, kwa hiyo halikumwachia mtu sababu ya kungoja kando ya maji. La Kigamboni liko Kurasini, ndani zaidi ya mkono wa bahari, na mtu wa miguu anayetoka katikati ya jiji angelazimika kuzunguka ili kulifikia. Jina ni moja, daraja lipo kote kuwili, ila hatima ya pantoni ni mbili.

Njia kati ya Kivukoni hizi inazidi kilomita 400. Kutoka mtoni unapita Ifakara, Kiberege na Mang'ula, Milima ya Udzungwa ikiwa kushoto kwako hadi Kidatu kwenye mashamba ya miwa. Kisha Mikumi, Morogoro, Chalinze na jiji. Mambo mawili yaamue ratiba. La kwanza ni maji: Bonde la Kilombero ni ardhioevu ya takribani kilomita za mraba 7,967, iliyoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na masika hufunika njia za kuteremkia mtoni. Juni hadi Oktoba ndio wakati wa kufika hadi kwenye gati la zamani. La pili ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata kwa takribani kilomita 50. Hapo wanyama huvuka, basi pikipiki ipite mchana na kwa mwendo mdogo.

Atakuwepo wa kupinga akisema kwamba kilomita 400 si safari ndefu. Chama cha Iron Butt cha Marekani huwatambua waendao maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Nakubali, na kutoka kwao nachukua kilicho bora: nidhamu ya ushahidi. Stakabadhi za mafuta zenye tarehe na saa, usomaji wa mita ya kilomita, na picha ya kibao cha kila mahali vitunzwe. Lakini ushahidi wao unathibitisha umbali. Wetu uthibitishe pia kilichoonekana. Mwingine atasema Kivukoni ni jina la kawaida mno, kwani popote penye pantoni litazuka. Ndiyo maana linafaa. Jina lililozaliwa kwa sababu moja katika sehemu mbili linaturuhusu kuzilinganisha kwa haki, jambo ambalo Kilombero ya Arusha na ya Unguja haziwezi kutuahidi. Wa tatu atauliza kwa nini isiwe treni, ilhali reli ya TAZARA inapita Ifakara. Reli inabaki upande wa kaskazini wa mto, haikufikishi Kivukoni. Pikipiki inavuka daraja, inaacha lami na kuteremka hadi pantoni ilipokuwa ikitia nanga.

Kwa hiyo, anayepanga safari ya namna hii aanze na neno kabla ya ramani. Aulize jina linadai nini kuhusu mahali, kisha aende akalihakiki. Upande wa Ulanga, Kivukoni sasa ni kumbukumbu. Dar es Salaam, bado ni kazi ya kila siku.