Gari Likilazwa, Liachwe Lilale

Katavi ina kiangazi kimoja kirefu na msimu mmoja wa mvua, na magari ya utalii hufuata kalenda hiyo hiyo. Mvua zikishika kuanzia Novemba, udongo mweusi wa mbuga za Katisunga na Chada, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hugeuka tope la kumeza tairi, na ikifika masika kambi huwa zimefungwa. Gari la kulala, yaani Land Cruiser yenye hema juu ya paa, friji, tanki la maji na betri ya pili, likimaliza kazi Septemba au Oktoba hulazwa wakati mbaya kuliko zote: mji wa Mpanda una joto la nyuzi 30 na zaidi mchana, nyasi zimekauka, na wiki chache mbele unyevu unakuja. Desturi iliyozoeleka ni kumwachia mlinzi ufunguo ili aliwashe gari mara moja kwa wiki, dakika tano hivi, “lisikae sana”. Ninavyoona mimi, desturi hiyo hailindi gari, na mara nyingi inaliharibu. Kinacholinda gari ni siku moja ya maandalizi kabla halijaachwa, na baada ya hapo injini isiguswe.

Tuanze na betri, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba kuwasha kunasaidia. Gari lililozimwa bado linakula umeme: alamu, saa, kompyuta ya injini, kumbukumbu ya redio. Tuseme vyote kwa pamoja vinavuta miliampia 30, kiasi cha kawaida kwa gari lisilo na hitilafu. Kwa saa 24 hiyo ni ampia-saa 0.72, na kwa siku 30 inafika 21.6. Betri ya ampia-saa 70 imepoteza karibu theluthi moja na gari halijasogea hata hatua. Sasa hesabu anachorudisha mlinzi. Injini ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, tukadirie alteneta inaiingizia betri ampia 20. Dakika tano ni ampia-saa 1.7, na mara nne kwa mwezi hazifiki hata 7. Hapo bado hatujatoa umeme uliotumiwa na stata. Betri imetoa karibu 22 na kurudishiwa 7, ilhali kila Jumatatu mlinzi anasikia injini ikiitika na kutoa taarifa kwamba gari liko salama, mpaka Jumatatu moja stata inapiga “tik” na kunyamaza.

Joto linaongeza deni hilo. Hata betri isiyounganishwa na chochote hupoteza chaji yenyewe, na kasi ya kupoteza huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Betri ya kawaida ya risasi na asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7 ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 12.4 na kuachwa hapo, chembe za salfati ya risasi huganda juu ya sahani na kuwa ngumu, na chaji ya baadaye haiziyeyushi tena zote. Kinga yake ni rahisi mno. Ongeza maji ya betri kama sahani zinaonekana, chaji betri hadi ijae, safisha ule unga mweupe kwenye vichwa vyake, kisha chukua spana namba 10 ufungue waya wa hasi. Hapo miliampia 30 zimekuwa sifuri. Kinachobaki ni upotevu wa betri yenyewe, na kipaneli cha sola cha wati 10 au 20 kinaufidia, mradi kipitie kidhibiti chaji na kisiungwe moja kwa moja. Betri ya pili inayoendesha friji ifanyiwe vivyo hivyo, ila kama ni ya lithiamu isiachwe imejaa. Lithiamu iliyojaa ikikaa kwenye joto huzeeka haraka, na nusu ya chaji inaitosha.

Wapo watakaosema betri si hoja, kwamba gari huwashwa kwa sababu ya injini: oili hushuka yote chini, sili hukauka, vyuma hushikana. Hoja hii ina ukweli kwa gari lililoachwa miaka. Kwa miezi miwili hadi sita utando wa oili bado unabaki juu ya vyuma, na dakika tano za kuunguruma huleta madhara ambayo kukaa kimya hakuleti. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Injini ikiwa ya moto na gari likiwa mwendoni, maji hayo hutoka kama mvuke na hakuna anayeyaona. Injini ikizimwa kabla haijapata joto, sehemu ya mvuke huo hugeuka maji ndani ya eksozi, na sehemu nyingine hupenya kando ya ringi za pistoni ikachanganyika na oili na masizi ya mafuta, ikafanya asidi. Ukavu wa hewa ya Mpanda mwezi Oktoba hauokoi kitu hapa, kwa maana maji haya yanatengenezwa ndani ya injini yenyewe. Ndiyo maana oili ibadilishwe kabla ya kulaza gari, si siku ya kuliamsha: oili chafu huwa tayari ina asidi yake, na hiyo ndiyo itakayolala na vyuma. Rejeta nayo iwe na kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, hata kama barafu haijawahi kuonekana Katavi.

Ushahidi wa upande wangu ulionekana dunia nzima mwaka 2020, korona iliposimamisha safari. Watalii walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5, na mwaka uliofuata wakashuka hadi kama 620,000. Magari yakabaki bila kazi. Mashirika ya ndege yalikuwa na tatizo hilo hilo kwa vyombo vya gharama kubwa zaidi, na mengi yakachagua kuvilaza penye hewa kavu, mara nyingi yenye joto: Teruel nchini Hispania, majangwa ya Arizona na California, na Alice Springs katikati ya Australia, ambako Singapore Airlines ilipeleka baadhi ya ndege zake kuzikwepesha unyevu wa nyumbani. Joto kavu halina ugomvi na chuma. Linagombana na betri, mpira, plastiki na kitambaa, na mafundi wa ndege walifanya kazi kwa mujibu wa hilo: walifunika madirisha, wakaziba matundu ya injini, wakakata betri, na magurudumu yakazungushwa kila baada ya muda. Ndege iliyolazwa kwa muda mrefu huandaliwa, kisha injini haiguswi. Ile inayotarajiwa kuitwa wakati wowote huwashwa, lakini huwashwa kwa utaratibu hadi ipate joto la kazi. Utaratibu wa dakika tano za kusikiliza mlio haumo katika njia yoyote kati ya hizo mbili.

Baada ya injini, mahali pa kuegesha pana uzito kuliko dawa yoyote inayouzwa dukani. Stoo ya bati iliyofungwa pande zote inaonekana ya kifahari kuliko banda la nyasi, ila kwa mchana wa Oktoba ni tanuri, na ndani ya gari lililofungwa vioo joto huongezeka zaidi. Banda la nyasi lililo wazi pembeni linapitisha hewa na kuzuia jua, nalo ndilo ningelichagua, kwa sharti moja ambalo halina mjadala: nyasi zote zifyekwe na kukwanguliwa hadi udongo uonekane, mita kadhaa kila upande, kwa kuwa kiangazi cha miombo ni msimu wa moto. Nyasi zilizojishindilia chini ya gari, hasa juu ya eksozi na kingao chake, zitolewe kwa mkono. Anayewasha gari kila wiki juu ya majani makavu anapasha moto eksozi mahali ambapo cheche moja inatosha. Mwembe una kivuli kizuri, lakini utomvu na kinyesi cha ndege hula rangi, na Novemba maembe huanza kudondoka. Turubai la plastiki nalo linapendwa bila sababu: linazuia vumbi na kufungia joto, na mvua zikianza linafungia unyevu. Kama hakuna banda, afadhali turubai litandazwe juu ya nguzo kama paa, lisigusane na mwili wa gari.

Tairi huuawa na jua la upande mmoja na uzito wa sehemu moja. Zipe upepo wa juu kidogo ya kawaida, ukikumbuka kwamba tairi ya psi 40 huongezeka kama psi 3 au 4 joto lake likipanda nyuzi 20. Zikinge kwa magunia, kisha inua gari kwa jeki ili uzito ukae kwenye stendi za chuma. Usitumie vipande vya mbao vilivyoachwa juu ya udongo. Mchwa wa Katavi watavimaliza kutoka ndani huku nje vikionekana vizima, na gari la tani tatu litashuka siku hakuna mtu. Hendibreki isivutwe, maana breki zikishikana kwa miezi huweza kuganda. Matundu nayo yana wapangaji wake: nyigu hujenga viota vya udongo ndani ya eksozi na vibomba vya kupumulia vya difu, nyuki hutafuta uwazi wowote wa kuweka kundi, panya hukata waya. Wavu mwembamba wa chuma unatosha kwa wote, pamoja na kutoacha hata punje ya mchele ndani.

Sehemu ya malazi ya gari ina kazi fupi. Tanki la maji limwagwe hadi tone la mwisho na kuachwa wazi likauke, friji isafishwe na mlango wake uegemezwe usifungike, hema likunjwe likiwa limekauka kabisa hata kama itabidi lisubiri siku nzima, na mtungi wa gesi utolewe ukae wima kivulini penye hewa. Kwa upande wa mafuta, tanki la dizeli lijazwe ili hewa yenye unyevu ikose nafasi, ila si hadi mdomoni, kwani lita 90 zikipanda nyuzi 20 zinahitaji kama lita moja na nusu ya nafasi. Legeza skrubu iliyo chini ya sedimenta, yaani kichujio kinachotenga maji na dizeli, na uiache itiririke hadi yale matone mazito ya maji yaishe na itoke dizeli tupu. Maji yakibaki pale ndipo vijidudu vinapozaliana, na ute wao huja kuziba filta.

Kuna mapingamizi mawili ninayoyaheshimu zaidi. Kambi iliyo mbali na hospitali haiwezi kubaki bila gari la dharura. Ni kweli, na kwa sababu hiyo gari la dharura lisihesabiwe kuwa limelazwa. Litengwe moja, liendeshwe barabarani kila wiki hadi injini ipate joto kamili, na mengine yaachwe. Pingamizi la pili halisemwi wazi: bosi aliye Arusha anataka uthibitisho, na mlio wa injini kwenye simu unamtuliza. Mlinzi anastahili kupewa kipimo cha kweli badala ya kubeba lawama ya betri asiyoiua yeye. Mita ya bei ndogo, picha ya volti kila baada ya wiki mbili, picha ya stendi zilivyosimama, na ya ardhi iliyo wazi kuzunguka gari. Namba ikishuka kuelekea 12.4, betri ichajiwe. Kwa njia hiyo bosi anajua kitu ambacho mlio usingemwambia.

Siku ya kuliamsha, waya wa hasi urudi mwisho, baada ya kutoa nyavu, kupima oili, kulanti na upepo, na kupampu mafuta kwa mkono. Likishawaka lisizimwe kwa furaha ya kusikia limewaka. Kutoka Mpanda hadi kijiji cha Sitalike ni chini ya kilomita 40: umbali huo, kwa mwendo wa taratibu na breki zikijaribiwa mapema, unatosha kuifikisha oili kwenye joto la kufukuza maji yote.