Programu Inayoijua Handeni na Kuikosea Zigua

Yachukue majina ya miji miwili ya Tanga, Handeni na Korogwe, usogeze kila herufi hatua tatu mbele katika alfabeti ya herufi 26, mtindo unaohusishwa na barua za Julius Caesar. Utapata KDQGHQL na NRURJZH. Hayatamkiki, lakini umbo lake halijaguswa. Katika la kwanza, Q imekaa nafasi ya tatu na ya sita, palepale zilipokuwa N mbili. Katika la pili, R mbili zimeiweka U katikati, sawasawa na O zilivyoiweka R. Kinyume, ule mchezo wa lugha wa pwani alioueleza Edward Steere katika kitabu chake cha 1870, huenda njia nyingine: Korogwe huwa gwekoro, herufi zilezile, mahali pamehama.

Kiswahili hakifai sana kufichwa kwa namna ya Caesar. Chukua kata tatu za Handeni: Kwamatuku, Kwaluguru na Kwasunga. Zikifumbwa ni NZDPDWXNX, NZDOXJXUX, NZDVXQJD. Mianzo inalingana, na miishio ni X au D tu. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, msomaji amekwisha kushika irabu mbili kabla hajawasha kompyuta.

Lakini tuiwashe, maana ndipo uhakiki wenyewe ulipo. Mwanafunzi wa Python mara nyingi huanza hivi:

siri.replace("A","X").replace("B","Y").replace("C","Z").replace("D","A")

na kuendelea hivyo, herufi moja moja, mpaka replace("Z","W"). Ni msururu wa amri 26, na unasomeka vizuri. Ukiupa KDQGHQL unatoa HANDENI. Ukiupa NRURJZH unatoa KOROGWE. Mtu atafunga kazi akanywe chai.

Sasa upe CLJXD, yaani ZIGUA, jina la watu ambao lugha yao inasikika Handeni na Korogwe pia. Unatoa WIGUA. Fuata herufi ya kwanza: amri ya tatu imegeuza C kuwa Z, sahihi kabisa. Amri ishirini na mbili zinapita. Ya mwisho inaikuta Z hiyo, haijui kwamba imekwisha kufumbuliwa, nayo inaigeuza W. Y hupatwa na hayohayo: nyumba hutoka nvumba. Herufi ya tatu inayoharibika ni X, ambayo Kiswahili hakiitumii, kwa hiyo kosa hilo halitaonekana kamwe. Kasoro haimo katika amri yoyote peke yake, kila moja ni kweli. Imo katika mpangilio: kila amri inasoma kazi ya iliyotangulia kana kwamba bado ni siri.

Umbo la pili ni fupi:

jedwali = str.maketrans("DEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZABC", "ABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZ")
siri.translate(jedwali)

Hapa alfabeti mbili zimepangwa sambamba, kama mishororo miwili yenye mizani sawa. Mizani hiyo si pambo: ukipunguza herufi moja upande mmoja, Python inakataa kuendelea na kutoa kosa. Kila herufi ya siri inatazamwa mara moja tu, inapewa jibu lake, basi. ZIGUA inatoka ZIGUA. Napenda pia kwamba ufunguo mzima uko mbele ya macho. Katika msururu wa replace umetawanyika vipande 26, na atakayeubadilisha lazima apite vyote.

Wapo watakaosema msururu ule unaweza kunusurika kwa hila, kwa mfano kuandika majibu kwa herufi ndogo ili yasiguswe tena. Kweli, unanusurika. Ila hapo mwandishi anatibu ugonjwa alioupanda mwenyewe.

Walimu wa kompyuta, iwe Handeni au Korogwe, msikubali programu ya kufumbua siri kwa sababu tu imeweza kutaja jina la mji wenu. Ipeni kwanza neno lenye Y na Z.