Sindano Nyembamba, Kazi Nzito

Tezi za shingoni na za kwapani zikivimba, daktari huzipapasa kwa vidole. Ziko nyingine asizoweza kuzigusa: zimejificha nyuma ya mfupa wa kifua, kandokando ya bomba la hewa, zimebanwa na moyo, aota na mishipa mikubwa ya mapafu. Picha ya CT huonyesha kuwa zimekua. Haisemi kwa nini. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni saratani, huenda ni sarkoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya zikawa vinundu vidogo viitwavyo granuloma, na ambao chanzo chake hakijajulikana hadi leo. Anayetaka kujua sharti apate chembe za tezi yenyewe. Ufundi wa kuzipata ndio ninaotaka kuusifu hapa.

Zamani jibu la uhakika lilitoka kwa kisu. Mwaka 1959 Eric Carlens wa Stockholm alieleza namna ya kupasua juu tu ya mfupa wa kifua na kuteremsha chombo hadi kwenye tezi. Njia hiyo bado ina kazi yake, ila humtaka mgonjwa alazwe usingizi mzito na aamke na kidonda. Ko Pen Wang wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliiendeleza njia nyingine: sindano ipite ndani ya bomba la hewa, itoboe ukuta wake, ichote seli upande wa pili. Lakini alichoma kwa kukadiria, kwa kuwa ukuta ulificha kila kitu. Walioliondoa pazia hilo ni Kazuhiro Yasufuku na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya bronkoskopu (bomba la kuchungulia njia ya hewa) yenye altrasaundi nchani, inayomwezesha daktari kuiona sindano wakati uleule inapoingia kwenye tezi.

Mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza na ganzi ya koo, kisha chombo hicho, chenye unene wa karibu milimita 7 nchani, hupitishwa mdomoni. Kamera yake hutazama kwa mshazari, kwa hiyo aliyezoea bronkoskopu ya kawaida hujikuta akigonga kuta. Hewa nayo ni adui wa altrasaundi: ncha isipogusa ukuta barabara, skrini haionyeshi kitu cha maana. Fundi hulijaza maji puto dogo lililo nchani, huikunja ncha na kuibana ukutani, na polepole tezi hujitokeza. Rangi za Doppler humwonyesha palipo na damu inayotembea, asije akapachoma. Kisha hutafuta nafasi baina ya pete za gegedu, maana gegedu hukataa sindano.

Hatua zake zina mpangilio usiorukwa. Ala ya sindano hutokezwa kwanza na kukazwa, ndipo sindano huachiwa. Anayekosea mpangilio huo aweza kukitoboa chombo chenyewe kwa ndani, na bei yake si ya mzaha. Sindano ikishaingia, mstari mweupe huonekana ndani ya tezi. Waya wa ndani husukumwa ili kutoa vipande vya ukuta vilivyonaswa njiani, kisha huchomolewa, na sindano hupelekwa mbele na nyuma mara kumi au zaidi bila kutoka ndani ya tezi. Mgonjwa akikohoa, mkono husubiri. Pembeni, mtaalamu wa seli akiwapo, hupaka tone kwenye slaidi, hulitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Akiona damu tupu, husema rudia. Akiona granuloma, husema tumefika.

Ufundi huu umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la JAMA uliwagawa kwa kura wagonjwa 304 waliodhaniwa kuwa na sarkoidosisi, katika hospitali 14 za nchi 6. Uchunguzi wa altrasaundi kupitia njia ya hewa au umio ulipata granuloma kwa asilimia 74 ya wagonjwa. Bronkoskopu ya kawaida, inayonyofoa vipande vya pafu, ilipata kwa asilimia 48.

Hata hivyo, ninachokistahi zaidi huanza baada ya sindano kutoka. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Granuloma hutokea pia katika kifua kikuu, katika maradhi ya fangasi, hata kando ya baadhi ya saratani. Ya kifua kikuu mara nyingi huwa na tishu iliyokufa katikati, ya sarkoidosisi kwa kawaida haina; lakini kawaida si sheria. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu bado ni kingi, tofauti hiyo ni ya uhai. Prednisoloni inayoituliza sarkoidosisi hudhoofisha kinga, na kimelea cha kifua kikuu kikapata nafasi. Vidonge vya kifua kikuu vya miezi 6 navyo haviitibu sarkoidosisi. Ndiyo maana fundi wa kweli hugawa alichokichota: sehemu ya hadubini, sehemu ya GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu, sehemu ya kuoteshwa maabara. Hatoi hukumu mpaka maelezo ya mgonjwa, picha na maabara vikubaliane. Hujua pia wakati wa kuiacha sindano kabatini: mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba mwenye dalili kamili za Löfgren, yaani homa, vinundu vyekundu vya miguuni, maumivu ya vifundo vya miguu na tezi za kifua zilizovimba pande zote mbili, asichomwe.

Mtambo huu hununuliwa kwa fedha na kufika ndani ya sanduku. Mkono wa kuuongoza hulelewa kwa miaka, na jicho la kusoma slaidi halina njia ya mkato. Hospitali inayopanga kuununua na ipange kwanza mafunzo na mishahara ya daktari, muuguzi na mtaalamu wa seli. Bila watu hao watatu, itakuwa imenunua bomba tu.