Chombo na Hadithi katika Filamu Fupi za Karakana ya Amsterdam

Kila sanaa ina zana zake, na kila zana ina tabia yake. Mchongaji wa milango hufuata uzi wa mti alionao, na mtunzi wa tarbia hupima neno lake kwa mizani nane za ukwapi na nane za utao. Msomaji wa shairi zuri hakihisi kipimo hicho kuwa pingu. Msomaji wa shairi baya hahisi kitu kingine ila kipimo. Tofauti hiyo ndiyo imtengayo msanii na mwenye kuifuata kanuni tu. Yapasa itafutwe po pote zana mpya inapotokea, na katika filamu za katuni zana mpya ya zama hizi ni programu ya kompyuta.

Mahali pazuri pa kulipima jambo hili ni karakana moja ndogo ya filamu mjini Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi. Filamu zake zilizo nyingi hazipiti robo saa, nazo zilitengenezwa kwa nia iliyotangazwa waziwazi, yaani kuijaribu programu iitwayo Blender. Karakana nyingine huficha shauku yao ya kuonyesha mashine, hii haikuficha. Kwa sababu hiyo swali laweza kuulizwa bila kumvunjia mtu heshima: je, kazi iliyozaliwa ili kupima chombo yaweza kuwa sanaa kamili, au itabaki daima kuwa kielelezo cha chombo?

Asili ya programu yenyewe yastahili kujulikana. Ton Roosendaal, Mholanzi, alianza kuiunda mwaka 1994 iwe zana ya nyumbani katika studio yake. Mwaka 1998 ikawekwa chini ya kampuni iliyotaka kuifanyia biashara, na mapema mwaka 2002 kampuni hiyo ikafungwa. Hapo yalitokea mambo ambayo si ya kawaida katika biashara. Waliokuwa wakiitumia programu hiyo walichangishana, na katika muda wa majuma saba zikapatikana euro 100,000 za kuikomboa.  Kwa watumiaji hawa mwezi usiosahaulika ni Oktoba 2002, ambapo maandiko yote ya ndani ya programu yaliwekwa wazi. Tangu siku hiyo mtu ye yote aweza kuitumia, kuinakili, na hata kuibadili, bila kulipa.

Lakini jembe halijulikani ubora wake mpaka lilime. Ili kuyajua makosa ya programu, wenyewe waliwakusanya wasanii wachache mwaka 2005 watengeneze filamu moja fupi kwa kuitumia hiyo, na mwaka 2007 wakaanzisha karakana ya kudumu. Gharama za mwanzo zilitokana kwa sehemu kubwa na watu walionunua filamu kabla haijatengenezwa, na majina yao yakaandikwa mwishoni mwa picha. Ni desturi inayokaribia ile ya harambee kuliko ile ya soko.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Kwanza huandikwa hadithi. Kisha huchorwa michoro ya mfuatano, mmoja kwa kila tendo, nayo hupangwa pamoja na sauti za muda ili urefu wa kila tukio ujulikane mapema. Baadaye wahusika hufinyangwa ndani ya kompyuta kama sanamu za udongo, hutiwa mifupa ya bandia ili viungo vipate kukunjika, na huvikwa ngozi, manyoya na rangi. Ndipo mwendeshaji huwasogeza pozi kwa pozi, na mwingine huweka taa. Mwisho kompyuta hukokotoa mwanga na kivuli vya kila picha, na kwa kuwa sekunde moja ya filamu hutaka picha 24, dakika kumi hutaka picha 14,400. Kwa filamu ya kwanza kazi hiyo ya ukokotozi ilifanywa na mashine za Bowie State University huko Marekani, nayo ilichukua siku 125. Katika karakana ya Amsterdam kuna jambo moja la ziada: waandishi wa programu na wachora picha hushirikiana kwa karibu, na zana hurekebishwa huku kazi ikiendelea. Ni kama mhunzi aliyehamia shambani.

Filamu hiyo ya kwanza, Elephants Dream, iliyoongozwa na Bassam Kurdali, ilitoka mwaka 2006. Mzee Proog anamwongoza kijana Emo ndani ya mashine kubwa isiyo na mwisho, akimwonyesha maajabu na hatari zake. Kijana haoni yale aonayo mzee, na ubishi wao unaishia kwa kipigo. Jina lake lina asili nzuri: Waholanzi wana desturi ya kumalizia hadithi ya mtoto kwa kumtaja tembo mwenye mkonga mrefu ajaye kuipuliza hadithi ikazimika. Mswahili hufungua mlango wa hadithi kwa paukwa na pakawa; huko mlango hufungwa na tembo. Hata hivyo filamu hii haina hadithi ya kutosha kumpa tembo kazi. Nyaya zinajisokota, mitambo inafunguka na kufunga, ndege wa chuma wanaruka, na kila ajabu linafuatwa na ajabu jingine bila ya jambo kuongezeka baina ya watu wawili. Mtazamaji anatoka akiikumbuka mashine, naye Emo amesahauliwa. Hapa chombo kiliitawala hadithi. Lakini haki yataka isemwe pia kwamba wazo la mzee anayelazimisha wengine wauone ulimwengu alioujenga mwenyewe ni wazo zito. Lilikosa tu nafasi ya kupumua.

Filamu ya pili, Big Buck Bunny, iliyoongozwa na Sacha Goedegebure na kutoka mwaka 2008, ilijifunza kwa kurudi nyuma. Maneno yaliondolewa kabisa. Sungura mkubwa mpole anasumbuliwa na wanyama watatu wadogo wanaoua vipepeo kwa mchezo, naye anajilipizia kwa mitego. Ni kisa ambacho mtoto wa nchi yo yote atakifahamu. Programu ilitakiwa kujaribiwa katika manyoya na majani, na manyoya na majani ndiyo yaliyoonekana. Lakini safari hii yalikuwa na mahali pake, kwa sababu sungura hana budi kuwa na manyoya, na mbuga haina budi kuwa na majani. Chombo kilipata adabu. Pamoja na hayo hadithi ilichagua njia rahisi. Sungura haingii katika hasara yo yote isiyoponyeka, na kisasi chake hakimgharimu cho chote. Watu hucheka, na kicheko chapita.

Katika filamu ya tatu ndipo mambo yalipogeuka. Sintel, iliyotoka mwaka 2010 chini ya uongozi wa Colin Levy, iliandikiwa mchezo na Esther Wouda, na alama ya kalamu ya mwandishi inaonekana tangu mwanzo. Msichana maskini anamwokota mtoto wa joka aliyejeruhiwa bawa. Anamtibu, anampa jina Scales, wanaishi pamoja. Kisha joka kubwa linashuka na kumnyakua yule mtoto. Msichana anaondoka kumtafuta, katika theluji, jangwa na mianzi, mpaka anafika katika pango lenye joka kubwa na kinda lake. Wanapigana. Joka linamweza, lakini linasita kumwua. Naye katika kusita huko anapata nafasi ya kulichoma. Linapokata roho anaiona kovu katika bawa lake. Aliyemwua ni yule yule aliyemtafuta, naye mwenyewe, akijitazama, anaona kuwa miaka imekwisha kupita juu ya uso wake.

Yafaa kuitazama vizuri kazi ya kovu lile. Kwa mtaalamu wa programu, kovu ni jaribio la ngozi: mkunjo mdogo juu ya bawa, unaotakiwa kuonekana sawasawa kwa mwanga wa mshumaa na kwa mwanga wa pango. Kwa hadithi, kovu ni kauli nzima. Ni ushahidi wa huruma ya mwanzo na hukumu ya ukali wa mwisho, na hakuna mhusika anayelazimika kulieleza kwa maneno. Vivyo hivyo kuhusu uzee wa msichana. Kuzeesha uso ni ufundi ambao kompyuta huufurahia. Lakini katika Sintel uso uliozeeka haukuletwa kuonyesha kuwa unawezekana. Umeletwa kwa sababu shauku ya mtu mmoja imekula umri wake bila ya yeye kujua. Katika mambo haya mawili jaribio la chombo na haja ya hadithi yamekuwa kitu kimoja, hata haiwezekani kuyatenga.

Sintel haikosi dosari. Safari ndefu ya msichana imebanwa katika mandhari chache zinazopita mbio, na mzee anayesimuliwa kisa hana kazi kubwa ila kusikiliza. Robo saa ni muda mfupi kwa umri mzima wa mtu. Hata hivyo dosari hizi ni za utunzi, kama zile ambazo mhakiki huzitafuta katika riwaya au tamthilia. Si dosari za zana. Kuweza kulaumiwa kwa kipimo cha fasihi ni heshima ambayo Elephants Dream haikuifikia.

Wapo watakaosema kwamba uamuzi huu una ukarimu kupita kiasi. Filamu inayotengenezwa ili programu isifiwe, watasema, ni tangazo, na tangazo halifanyiwi uhakiki. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau historia ya sanaa. Watunzi wengi wamepata kutunga ili kujaribu bahari mpya, au kumwonyesha mshindani kwamba vina vigumu vyawezekana. Mashairi yao mengine yamekufa pamoja na mashindano, mengine yameishi. Nia ya kutunga haikuwa ndiyo iliyoamua. Kilichoamua ni kama jambo lililosemwa lilihitaji umbo lile. Kipimo hicho hicho chatosha hapa.

Kinatosha pia kwa Spring ya mwaka 2019, iliyoandikwa na kuongozwa na Andy Goralczyk, ambaye aliichota sura ya milima yake katika utoto wake huko Ujerumani. Mchungaji wa kike na mbwa wake wanapanda kuwakabili viumbe wa kale ili majira yapate kugeuka. Ubaridi wa ukungu na uzito wa miti vimepatikana kwa namna ambayo filamu za kwanza zisingeiweza. Lakini msichana huyu, tofauti na Sintel, hapotezi kitu. Anatimiza ibada, na masika yanafika. Aonaye humo uzuri wa ngano ya majira hakosei. Atafutaye humo mtu mwenye mgogoro atatoka na kiu. Miaka tisa ya maendeleo ya zana ilitoa picha bora zaidi, haikutoa hadithi kubwa zaidi.

Wala isidhaniwe kwamba chombo cha bure huondoa gharama zote. Cosmos Laundromat, iliyoongozwa na Mathieu Auvray, ilikusudiwa kuwa filamu ndefu. Fedha hazikutosha, na mwaka 2015 ilitolewa sehemu yake ya kwanza tu, ya dakika kumi na mbili hivi, ikimhusu kondoo aliyechoka na maisha. Programu haikulipiwa senti, lakini mikono ya wachoraji haina budi kulipwa, na miezi haiazimwi. Anayemwambia kijana kwamba sasa, kwa kuwa zana ni ya bure, filamu nayo ni ya bure, humdanganya.

Alichopewa kijana huyo ni kitu kingine, nacho si kidogo. Karakana hii haikutoa filamu peke yake. Ilitoa pamoja nazo sanamu, mifupa, taa na mandhari zilizotumika, kwa ruhusa ya kuzitumia tena mradi mwenye kazi atajwe. Uhakiki wa sinema kwa kawaida husimama nje ya mlango na kukisia. Hapa mwanafunzi aweza kuingia, akalifungua bawa la Scales, akaona kovu lilivyowekwa, akaiondoa taa moja na kutazama maana inavyopungua. Ni kama kupewa shairi pamoja na rasimu zake zote, na mistari iliyofutwa ikisomeka.

Kwamba zana hii imekwisha kukomaa halina ubishi tena. Mwaka 2024 Gints Zilbalodis wa Latvia alitoa Flow, filamu ndefu isiyo na neno hata moja, iliyotengenezwa kwa Blender, na mwezi wa Machi 2025 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni. Paka anayekimbia mafuriko humo haonyeshi programu. Anaokoa roho yake. Udhuru wa zamani, kwamba hadithi ingalikuwa nzuri kama zana ingalikuwa nzuri, umekwisha. Kilichobaki adimu ni kile ambacho Esther Wouda alikileta Amsterdam, yaani mtu wa kuuliza, kabla taa haijawekwa na bawa halijafinyangwa, msichana huyu anataka nini na kitamgharimu nini. Swali hilo halijibiwi na programu, na wanafunzi wa fasihi ndio waliofundishwa kuliuliza.