Suzanne Césaire kwa Haiti: uzuri unaofunika macho

Bandugu na dada wa ukurasa huu, wengine munakumbuka ile makala niliweka hapa mwaka jana juu ya Idjwi. Ilikuwa likizo kubwa, nilienda kule wiki sita kusaidia kufundisha Kifaransa na hisabati, na niliporudi nikaandika: mananasi, ukungu wa asubuhi juu ya ziwa, wavuvi wa sambaza na taa zao usiku, njia ya udongo mwekundu inayopanda kilima. Muliipenda sana. Mimi pia nilijipenda, nisifiche.

Kisha mtoto fulani wa kule akamwonyesha mama yake ile makala kwa simu. Huyo mama tulikutana Bukavu fasi boti zinaegesha. Akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, ndipo akaniambia: "Mwalimu, ile njia ulipiga picha, ndiyo walinibeba nayo usiku wa kuzaa. Ulikuwa unapita pale kila siku, hukutuuliza kitu." Hakukasirika hata kidogo. Alichukua mzigo wake akaingia kwa boti, na mimi nikabaki nimesimama pale kama mutu ambaye amesahau anaenda wapi.

Njo maana leo sitaandika safari yangu. Nitaandika juu ya makala ya mwalimu mwingine, mwanamke, aliyetembea kisiwa kingine katika majira ya joto ya 1944, na ambaye alijiuliza swali la yule mama kabla mtu hajamuuliza. Tena nitasema pia fasi ambapo, kwa maoni yangu, hakujiuliza vya kutosha.

Jina la Césaire tunalijua kwa sababu ya bwana. Aimé Césaire ndiye aliandika Une saison au Congo, tamthilia juu ya Lumumba, mu 1966. Miaka zaidi ya ishirini mbele ya hapo alikuwa mwalimu wa sekondari kwa Fort-de-France, kisiwa cha Martinique. Mwezi wa tano 1944 akaalikwa Haiti kama mwalimu mgeni. Vita ilikuwa haijaisha, Ufaransa huru ilikuwa inatafuta marafiki, na kumtuma mshairi kijana mweusi anayesema Kifaransa kizuri ilikuwa njia moja ya kuwatafuta. Alikaa mpaka mwezi wa kumi na mbili. Alifundisha, akatoa mihadhara Port-au-Prince, akasema mbele ya kongamano la falsafa mu mwezi wa tisa. Aliona pia ile Citadelle ya mfalme Christophe juu ya mlima wa kaskazini, na kutoka kwa safari hiyo tukapata La tragédie du roi Christophe, 1963. Safari yake imeandikwa kila mahali.

Suzanne, bibi yake, alikuwa pamoja naye. Naye alikuwa mwalimu, alizaliwa 1915, na alikuwa mmoja wa watu waliosimamisha gazeti Tropiques kuanzia 1941, wakati Martinique iko chini ya utawala wa Vichy na kila ukurasa ulipaswa kupita mbele ya mkaguzi wa serikali. Aliandika humo makala saba tu. Ya mwisho, Le grand camouflage, ilitoka 1945, nyuma ya safari ya Haiti. Kwa Kiswahili ningeiita "Maficho makubwa". Ni kurasa chache. Rafiki yangu wa promosyo alinipatia kile kitabu kidogo cha maandishi yake kilichochapwa Paris mu 2009, nikaisoma mara mbili usiku mmoja, na mara ya pili nilikuwa na aibu.

Inaanza vile tungeanza sisi wote: maji, mwanga, visiwa vimelala juu ya bahari, kimbunga kinachopita na kutikisa vyote. Lakini ukifika kwa Haiti mambo yanageuka. Anasimama Kenscoff, mu milima juu ya Port-au-Prince, asubuhi ya majira ya joto, na anakubali kwamba anachokiona ni kizuri mpaka hakivumiliki. Munisikie vizuri hapa: haukatai uzuri. Hafanyi kama wale wasomi wetu ambao wakiona ua wanakimbilia kusema siasa. Anaacha uzuri uwe uzuri. Ndipo, bila kelele, anasema macho yake sasa yanapita nyuma ya rangi na kuona uso wa watu wa Antilles pamoja na mateso yake ya ndani. Kutoka pale ni kama mtu anayefungua kabati moja nyuma ya lingine. Wanatoka humo wakubwa wanaoletwa kutoka Ufaransa, ambao wanakuja na kuogopa kile wanachokiona kwa vioo vya watu weusi waliosoma. Wanatoka wazao wa wenye mashamba ya zamani. Wanatoka watu wa rangi wenye vyeo vidogo, wanaovaa mawazo ya mzungu kama suti ya kuazima. Na chini ya wote, mfanyakazi wa miwa.

Mwisho anarudi kwa maua na mwanga, na hapo ndipo kichwa cha makala kinaeleweka. Siku ikiwa na mwanga mwingi kupita kiasi, haoni mtu. Maficho si giza. Maficho ni ule mwanga wenyewe. Nilipofika pale nilifikiria picha zangu za Idjwi, zote nilizipiga saa moja ya asubuhi, "juu mwanga ni mzuri".

Kuna jambo moja la uandishi ambalo wenye kufanya memwari ya fasihi wangelitazama. Makala za wasafiri kwa kawaida zinapanga uzuri kwanza, halafu aya moja ya huruma, halafu kwaheri. Suzanne haweki huruma hata fasi moja. Anaweka uchambuzi wa matabaka ndani ya sentensi ambazo zinaimba, na hataki kutenganisha hivyo viwili. Kwa hiyo msomaji hawezi kuruka "sehemu ya matatizo" na kubaki na mandhari. Ni kazi ngumu sana. Mimi nimejaribu wiki mbili kuandika aya moja ya namna hiyo juu ya bandari ya Bukavu na imenishinda.

Sasa deni lake. Nimesoma makala hii nikitafuta Muhaiti mmoja anayesema. Sikumpata. Kuna milima ya Haiti, asubuhi ya Haiti, hewa ya Haiti. Halafu hesabu yote ya matabaka inayofuata ni ya Martinique zaidi. Haiti imekuwa dirisha ambalo amesimama kwake ili kuangalia nyumbani kwake.

Na nje ya lile dirisha, mwaka huohuo, kulikuwa na jambo kubwa. Mu 1941 serikali ya Élie Lescot na Waamerika walianzisha kampuni iliyoitwa SHADA. Japani ilipochukua mashamba ya mpira ya Asia, SHADA ikapewa kazi ya kupanda kriptostegia, mmea unaotambaa na kutoa utomvu wa mpira, kwa ajili ya vita. Wakulima walifukuzwa kwa ardhi yao, nyumba zikabomolewa, miti ya matunda iliyolisha familia ikakatwa. Mpira uliopatikana ulikuwa kidogo sana, na mu 1944 Waamerika wakauacha mpango. Fikirieni: ni mwaka ule Suzanne anaangalia milima kutoka Kenscoff. Makala inayosema kwamba uzuri unaficha haisemi neno moja juu ya mashamba yale yaliyokatwa.

Kwa msomaji wa Martinique pengine hii ni kasoro ndogo. Kwangu mimi, Mkongomani, haiwezi kuwa ndogo. Neno mpira, sisi tunalisikia na masikio mengine. Na vita ileile, sababu ileile ya Asia, ilirudisha watu wetu mu msitu kutafuta mpira tena, na Wabelgiji wakapandisha siku za kazi za lazima mpaka 120 kwa mwaka. Mkulima wa Haiti na mkulima wa Kongo walikuwa wanalipa vita moja bila kujuana. Mwandishi mwenye macho kama ya Suzanne angeweza kuona kamba hiyo. Alikuwa karibu nayo sana.

Rafiki yangu wa promosyo hakubaliani na mimi. Anasema: mgeni aliyeletwa kwa mwaliko wa serikali, chini ya Lescot, atasema nini? Mdomo wa mgeni una kufuli. Tena anakumbusha kwamba Lescot hakuvumilia kelele, na mwanzoni mwa 1946 ni wanafunzi waliomtikisa mpaka akaanguka, vijana wa gazeti La Ruche, kina René Depestre na Jacques Stephen Alexis. Ni kweli, na ninapenda historia hiyo kama kila mtu aliyewahi kuandamana mbele ya ofisi ya rekta. Lakini kumbukeni makala ilichapwa nyumbani Martinique, yeye amekwisha rudi. Mimi ninafikiri sababu ni rahisi kuliko hofu: ukiwa mgeni wa waliosoma, unaonyeshwa milima na waliosoma. Wakulima wa kriptostegia hawakualikwa kwa mihadhara. Hata mimi Idjwi nilikaa kwa nyumba ya prefe, nikala na prefe, na kila kitu nilichojua juu ya kisiwa nilikijua kwa mezani pale.

Lakini nikimweka karibu na bwana yake, ninamchagua yeye. Aimé alitoka Haiti na mfalme, na ngome, na historia kubwa ya watu wakubwa. Hayo tuliyahitaji, sikatai; wazee wetu walikuwa na Wahaiti karibu yao. Baada ya 1960 Wahaiti wengi walikuja kufundisha hapa, na baba yangu mpaka leo anatoa hesabu ya aljebra kwa njia ya mwalimu wake Muhaiti, hataki nyingine. Lakini mfalme Christophe hanisaidii kuandika juu ya kijiji nilichokaa wiki sita. Suzanne ananisaidia, hata kwa kile alichoacha.

Baada ya makala hiyo hakuchapisha kingine. Alilea watoto sita, alifundisha, na mu 1952 aliandika tamthilia moja ambayo iliigizwa na vijana kisha karatasi zake zikapotea. Alikufa 1966, mwaka ule Une saison au Congo ilitoka. Kwa darasa letu la fasihi, bwana alisomwa miezi miwili nzima. Jina la bibi nililisikia mara ya kwanza nikiwa nimekwisha pata lisanse.

Makala yangu ya Idjwi sikuifuta, iko bado hapa chini. Nimeongeza tu mistari mitatu: kwamba ile njia nyekundu inaenda kwa kituo cha afya, kwamba kwa miguu ni saa mbili na nusu kama haijanyesha, na kwamba usiku wanabeba mgonjwa kwa kitanda cha miti, watu wanne wakipokezana. Nilimpigia yule mama kuuliza hesabu hiyo. Akacheka, akasema ni saa tatu, mimi ninatembea haraka juu sibebi mtu. Nimesahihisha.

Mwenye kutaka kusoma Le grand camouflage asiogope urefu. Inaisha kabla boti ya kutoka Bukavu haijafika Idjwi.