Tawi au Mkono?

Mnamo Septemba 2011 Admirali Mike Mullen, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, aliiambia kamati ya Seneti kwamba mtandao wa Haqqani, uliokuwa ukipigana Afghanistan, ulitenda kama mkono hasa wa ISI, yaani idara ya ujasusi ya majeshi ya Pakistan. Pakistan ilikanusha.

Mfasiri aandikaye hapo 'tawi' amepotoka. Tawi hufunguliwa hadharani, likawa na ofisi, kibao na katibu. Uhusiano uliodaiwa ni wa siri. Wala haitoshi kusema kwamba idara 'ilikuwa na mkono' katika mashambulizi. Hapo idara inashiriki tu katika jambo la wengine, ilhali Mullen alidai kwamba wapiganaji wenyewe walikuwa kama kiungo cha idara. 'Kibaraka', neno lipendwalo mno na waandishi wa magazeti, hulizidisha shtaka, kwani kibaraka hana lake, nao akina Haqqani walikuwa na yao.

Tunapendekeza 'ulitenda kama mkono wa idara'. Hilo 'kama' lisidondoshwe. Msemaji wa Ikulu ya Marekani mwenyewe alisema kwamba hayo si maneno ambayo yeye angeyatumia. 'Kama' likiachwa, tuhuma iliyobishaniwa humfikia msomaji wetu kuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa.