Msimu wa 11 wa Smallville, Uliochorwa Badala ya Kupigwa Picha

Tamthilia ya Smallville ilifika tamati Mei 2011, baada ya misimu 10 na vipindi 217, ikiwa bado inadaiwa na watazamaji wake. Waanzilishi wake, Alfred Gough na Miles Millar, waliijenga juu ya sharti moja: Clark Kent havai vazi la Superman wala haruki. Kipindi cha mwisho kililivunja sharti hilo kwa mkono wa birika. Tom Welling, aliyemwigiza Clark, alifungua shati tukaiona nembo kifuani, lakini Superman mzima tulimwona kwa mbali tu, kwa picha za kompyuta.

Aprili 2012 DC Comics walianza kulilipa deni hilo kwa katuni ya Smallville: Season Eleven. Kalamu alikabidhiwa Bryan Q. Miller, mmoja wa waandishi wa tamthilia yenyewe, na uchoraji ukaanza na Pere Pérez.

Kwanza tutazame umbo la ukurasa, kwa maana ndilo lililoamua mengi. Katuni ilitoka kwanza kidijitali, sura moja kila wiki, kwa kurasa zilizolala kama kioo cha televisheni. Kurasa mbili za namna hiyo zikipangwa moja juu ya nyingine, zinazaa ukurasa mmoja wa kuchapwa. Kwa hiyo kila nusu lazima ijitegemee, na mchoraji hana fremu ndefu ya kusimama, ile ambayo kwa kawaida ndiyo humpaisha Superman kutoka chini ya ukurasa hadi juu. Anayepaa anachorwa akikata upande. Pia kila sura huishia kwenye taharuki ya kumrudisha msomaji wiki ijayo. Toleo la karatasi lilikusanya sura tatu, na ukilisoma kwa mkao mmoja unahisi mwandishi anakukimbiza.

Uhuru mpya nao ulikuwa mkubwa. Katika katuni, Superman akiruka hagharimu zaidi ya Superman aliyeketi. Batman, ambaye tamthilia haikuruhusiwa kumtumia, sasa aliruhusiwa. Kwenye televisheni pengo lake lilizibwa tangu 2006 na shujaa Oliver Queen, aliyeigizwa na Justin Hartley. Mwandishi mwenye pupa angemleta Batman ukurasa wa kwanza. Miller alianza na mkasa wa “Guardian”, akishughulikia yaliyoachwa na kipindi cha mwisho, ndipo akamwingiza Batman katika “Detective”. Kwa kungoja huko, Batman anakutana na Superman ambaye tayari ana kazi, maadui na jina mjini.

Lakini kilichonishika zaidi ni Tess Mercer, mhusika wa tamthilia aliyeigizwa na Cassidy Freeman. Katika kipindi cha mwisho Lex Luthor, adui wa Clark, anamuua, naye kabla ya kukata roho anampaka sumu inayomfutia kumbukumbu zote. Miller akaiweka nafsi ya Tess ndani ya kichwa cha Lex. Muuaji aliyesahau kila kitu anaishi na marehemu anayekumbuka. Kwenye televisheni wazo hilo lingemhitaji Freeman studio kila wiki. Hapa yanatosha maneno ya Tess kando ya uso wa Lex. Huu ni uandishi wa hali ya juu: chombo kimetumika kwa kile kinachokiweza.

Kilichopotea ni uso wa mwigizaji. Welling alikuwa na namna yake ya kunyamaza kabla ya kusema uongo, na wino hauna kunyamaza kwa namna hiyo. Kazi ikagawanywa kwa busara: Cat Staggs alichora majalada yenye sura halisi za waigizaji, na ndani Pérez akatumia mistari myepesi. Jalada linakukumbusha ni nani, kisha kurasa za ndani zinamwacha atembee.

Kulikuwa na kizuizi kingine, kilichotoka kwenye tamthilia yenyewe. Kipindi cha mwisho kiliruka miaka saba mbele, tukamwona Lex akichaguliwa rais na Clark na mpenzi wake Lois wakiwa bado hawajaoana. Miller hakuweza kuwafungisha ndoa wala kummaliza Lex. Alichobaki nacho ni kuonyesha jinsi wapenzi wanavyogawana siri ambayo sasa ina joho na inaruka juu ya mji mchana kweupe, na hapo ndipo Lois wake anapopata uzito kuliko alioupata katika misimu mingi ya televisheni.